Kizuia sauti cha bunduki: Kiungo bora huchaguliwaje?

WENGI wetu tumekifahamu kizuia sauti cha bunduki kupitia filamu. Muuaji wa kukodiwa huingia chumbani kimya kimya, hutoa bastola, hukizungusha kimkebe cheusi kwenye mdomo wa mtutu mara mbili tatu, kisha hufyatua risasi inayosikika kama chafya ya mtu aliyeziba pua.

Picha hiyo ina uongo mara mbili. Uongo wa kwanza ni wa sauti, kwani hakuna kifaa kinachoweza kuinyamazisha bunduki kiasi hicho. Uongo wa pili, ambao ni nadra kuzungumziwa, ni ule wepesi wa kukifunga. Mtazamaji huachwa akiamini kwamba kizuia sauti chochote huingia katika bunduki yoyote, mithili ya kifuniko na chupa yake.

Hali halisi ni tofauti kabisa. Kwa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani, Finland, Norway au New Zealand, ambako vifaa hivi hutumiwa kihalali, swali linaloumiza kichwa si kizuia sauti kipi kinunuliwe tu, bali pia kitaungwaje na mtutu. Kiungo ndicho kinachoamua iwapo risasi itapita salama, iwapo itapiga pale ilipokusudiwa, na iwapo kifaa kitafunguka baada ya kazi. Makosa katika sehemu hiyo ndogo huweza kuharibu mali ya mamia ya dola kwa risasi moja, na mbaya zaidi, kumjeruhi mtumiaji au jirani yake.

Makala haya yanaeleza aina za viungo vilivyopo, ubora na udhaifu wa kila kimoja, na mambo ambayo mwenye leseni anapaswa kuyapima kabla ya kutoa pesa zake.

Asili ya kifaa

Kizuia sauti cha kwanza kilichofanikiwa sokoni kilibuniwa na Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepewa hataza ya uvumbuzi huo mnamo Machi 30, 1909. Huyu alikuwa mwana wa Hiram Stevens Maxim, yule aliyeunda bunduki ya rashasha iliyobeba jina lake. Watu wa Afrika Mashariki waliifahamu bunduki ya baba mapema mno, kwa kuwa Kapteni Frederick Lugard alikuwa nayo katika vita vya Mengo, Uganda, mwaka 1892. Hivyo baba aliuletea ulimwengu mojawapo ya silaha zenye kelele kubwa, naye mwana akatafuta njia ya kuipunguza kelele hiyo. Kanuni hiyo hiyo mwana aliitumia pia katika kupunguza makelele ya injini.

Namna kinavyofanya kazi si jambo gumu kulielewa. Baruti inapoungua, gesi yenye joto na shinikizo kubwa huisukuma risasi. Risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, gesi hiyo hufumka ghafla hewani, na huo ndio mlio mkuu tunaousikia. Kizuia sauti ni mkebe wenye vyumba kadhaa vilivyotenganishwa kwa viwambo vyenye tundu katikati. Risasi hupita katika matundu, ilhali gesi huzuiliwa vyumbani, hupoa, na hutoka polepole.

Bunduki ya kawaida ya kuwindia hutoa mlio wa takriban desibeli 160. Kizuia sauti kizuri hupunguza kati ya desibeli 20 na 35. Kwa hesabu ya desibeli, kupungua kwa 30 ni sawa na nguvu ya sauti kushuka hadi sehemu moja kwa elfu. Hata hivyo, kinachobaki bado ni kelele kubwa, mara nyingi karibu na desibeli 130. Isitoshe, risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa mchapo wake yenyewe, na mchapo huo hauzuiliki kwa kifaa chochote kilichofungwa mtutuni.

Faida kubwa basi ni ya masikio. Kiwango cha desibeli 140 kwa mlio wa ghafla ndicho kinachohesabiwa na wataalamu wengi kuwa mpaka wa hatari. Mlio unaovuka hapo huweza kuharibu usikivu kwa mara moja tu, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Ndiyo sababu askari na wawindaji wengi huzeeka wakisikia mvumo usiokoma masikioni.

Nusu milimita

Ili kuelewa uzito wa suala la kiungo, hebu tuitazame nafasi inayobaki kati ya risasi na kiwambo. Risasi ya kipimo cha 5.56, ambayo ndiyo inayotumiwa katika bunduki za aina ya AR-15, ina unene wa milimita 5.7. Tundu la kizuia sauti kilichotengenezwa kwa ajili yake huwa pana kidogo tu kuliko risasi yenyewe, kiasi kwamba pande zote husalia mwanya wa takriban nusu milimita. Mwanya ukiwa mkubwa zaidi, gesi nyingi itaifuata risasi na kelele itaongezeka.

Sasa chukua mkebe wenye urefu wa sentimita 18. Ukikaa upande kwa sehemu moja tu kati ya tano ya digrii moja, tundu la mbele litakuwa limehama zaidi ya nusu milimita. Risasi itakigonga kiwambo cha mwisho au kifuniko cha mbele. Katika hali nafuu, risasi itakwaruza na kupotea njia. Katika hali mbaya, itauchana mkebe na kuutupa vipande vipande.

Jicho la binadamu haliwezi kuuona mpindo mdogo hivyo. Mkebe unaweza kuonekana umenyooka kama mshale ilhali umepotoka. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kiungo chochote si wepesi wala urembo, bali ni uwezo wa kuukalisha mkebe katika mstari mmoja na njia ya risasi, leo, kesho na kila mara utakapofungwa.

Hesi ya moja kwa moja

Njia kongwe na rahisi kuliko zote ni ya hesi, yaani ile mikato ya mzunguko tunayoiona katika nati na boliti. Mdomo wa mtutu huchongwa hesi kwa nje, mkebe huwa na hesi kwa ndani, na viwili hivyo huzungushwa hadi mkebe uketi imara juu ya bega la mtutu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Hesi hazikusudiwi kuunyoosha mkebe. Kazi yake ni kuuvuta na kuushikilia. Kinachounyoosha ni bega, yaani ile ngazi iliyo nyuma ya hesi. Bega likichongwa mraba barabara, mkebe utanyooka. Bega likiwa jembamba mno, limepinda, au limejaa uchafu, mkebe utalala upande hata hesi ziwe nzuri namna gani.

Faida za njia hii ni nyingi. Ina sehemu chache zinazoweza kuharibika, ni nyepesi, ni fupi, ni nafuu kwa bei, na kwa kawaida hutoa usahihi mzuri. Mwindaji anayefyatua risasi mbili au tatu kwa siku hana sababu kubwa ya kutafuta kingine.

Udhaifu wake mkuu ni kulegea. Mtetemo na joto hufanya hesi zijifungue kidogo kidogo. Mkebe uliolegea huacha kulikalia bega, na papo hapo ule mwanya wa nusu milimita huanza kuliwa. Mtumiaji hana budi kuukagua kwa mkono kila baada ya risasi chache, akikumbuka kuvaa glavu kwani mkebe huwa moto wa kuunguza ngozi. Aidha, njia hii ni ya polepole kwa mtu mwenye bunduki kadhaa na kizuia sauti kimoja.

Kufanana kwa hesi si kufanana kwa tundu

Vipimo vya hesi havina kanuni moja duniani. Nchini Marekani, bunduki za kipimo cha 5.56 na .22 huchongwa hesi ya nusu inchi yenye mikato 28 kwa inchi, nazo za .308 huwa na hesi ya inchi tano kwa nane yenye mikato 24. Bunduki nyingi za AK-47 zina hesi ya milimita 14 inayofungwa kwa kuzungusha kushoto. Bastola nyingi za Ulaya za milimita 9 zina hesi ya milimita 13.5, nayo pia hufungwa kwa kushoto.

Mtego mkubwa umo katika ile hesi ya nusu inchi. Mitutu mingi ya milimita 9 inayotengenezwa Marekani huchongwa hesi iyo hiyo ya nusu inchi yenye mikato 28. Maana yake ni kwamba kizuia sauti cha kipimo cha 5.56 kitaingia katika mtutu wa milimita 9 bila ubishi wowote. Kitakaza vizuri, kitanyooka vizuri, na risasi ya kwanza itakipasua, kwa kuwa risasi yenye unene wa milimita 9 haiwezi kupita katika tundu lililokusudiwa risasi ya milimita 5.7.

Kanuni ya kushika ni hii: tundu kubwa huweza kupitisha risasi ndogo, lakini tundu dogo halipitishi kubwa. Wengi hununua kizuia sauti cha kipimo cha .30 na kukitumia pia katika bunduki ya 5.56, wakikubali kelele kidogo zaidi. Kinyume chake ni maafa. Hata hapo, mtengenezaji lazima awe ameandika kwamba mkebe wake unahimili shinikizo la risasi husika, kwani risasi nyembamba si lazima iwe na nguvu ndogo.

Kiungo cha haraka

Njia ya pili ni ya kiungo cha haraka. Badala ya mkebe kufungwa katika mtutu wenyewe, kifaa kidogo hufungwa mtutuni na kubaki hapo daima. Kifaa hicho huwa ama kizuia mwako, kinachopunguza mwangaza wa moto unaotoka mdomoni, ama breki inayopunguza teke la bunduki. Mkebe huvikwa juu yake na kukazwa kwa nusu mzunguko, kwa kitasa, au kwa pete yenye meno.

Njia hii imepata nguvu kutokana na mahitaji ya jeshi. Askari anaweza kuhitaji kukiondoa kizuia sauti gizani, akiwa na glavu, pasipo spana. Kampuni ya Knight's Armament ilitengeneza kizuia sauti cha bunduki ya M4 kinachonasa kwa lango la chuma juu ya kizuia mwako. SureFire nayo ilijipatia jina kwa mkebe unaokazwa kwa pete, ambao ulichaguliwa na kikosi maalumu cha Marekani. Mnamo 2020, jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilianza kuwagawia askari wake wa miguu vizuia sauti kwa wingi, na bunduki mpya ya jeshi la nchi hiyo, ambayo kampuni ya SIG Sauer ilishinda zabuni yake mwaka 2022, ilipangwa tangu mwanzo kutumiwa pamoja na kizuia sauti.

Ubora wa kiungo cha haraka ni kasi na usalama dhidi ya kulegea. Pete yenye meno haizunguki yenyewe. Fauka ya hayo, mwenye bunduki nne anaweza kuweka kifaa kimoja katika kila mtutu na kuuhamisha mkebe mmoja kutoka bunduki moja hadi nyingine kwa sekunde chache.

Lakini kila jema lina gharama. Kiungo hiki huongeza uzito na urefu. Huongeza pia gharama, kwa kuwa kila mtutu unahitaji kifaa chake. Zaidi ya yote, huongeza idadi ya maungano: sasa mtutu unaungana na kifaa, na kifaa kinaungana na mkebe. Kosa dogo katika ungano la kwanza na kosa dogo katika la pili huweza kujumlishana.

Umbo la pia na msingi wa pamoja

Baadhi ya viungo vya haraka vya zamani viliacha uwazi kidogo kati ya mkebe na kifaa chake. Mkebe ulicheza, japo kwa kiasi kidogo, na gesi ilipenya hadi kwenye meno na springi. Masizi ya baruti yalipojaa humo na kuokwa kwa joto, mkebe uligandamana na kifaa kama sufuria iliyounguza ugali. Watumiaji walilazimika kutumia spana na nguvu za watu wawili kuutoa.

Dawa iliyopatikana ni umbo la pia, yaani uso wa mviringo ulio mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Sehemu mbili za umbo hilo zinapokutana, moja hujitafutia katikati ya nyingine, jinsi kizibo cha koni kinavyoketi katika shingo ya chupa. Uso huo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huunyoosha mkebe na huizuia gesi isifike kwenye hesi. Kwa sababu hiyo, mifumo mingi mipya ina hesi za kushikilia na pia la kunyooshea na kuziba.

Mabadiliko mengine makubwa ni msingi wa pamoja. Zamani kila kampuni ilikuwa na kiungo chake, na mnunuzi alijikuta amefungwa kwa kampuni hiyo milele. Siku hizi watengenezaji wengi wamekubaliana kuchonga nyuma ya mkebe hesi ya inchi 1.375 yenye mikato 24 kwa inchi, mfumo ujulikanao kwa jina la HUB. Katika nafasi hiyo mtu anaweza kufunga kiungo cha hesi, cha haraka au cha umbo la pia, hata kiwe cha kampuni nyingine.

Jambo hili lina maana ya kipekee nchini Marekani. Huko kinachosajiliwa serikalini ni kizuia sauti chenyewe chenye nambari, na kila kimoja huandikiwa makaratasi yake. Mkebe wenye msingi wa pamoja unaweza kuitumikia bunduki mpya kwa kubadilishiwa kiungo tu, badala ya mwenyewe kuanza upya safari ya maombi.

Bastola na tatizo la mtutu unaoinama

Bastola ina tatizo lake la pekee. Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hutumia mfumo uliobuniwa na John Browning, ambapo mtutu hurudi nyuma kidogo pamoja na kifuniko cha juu, kisha huinama ili kuliachia ganda lililotumika. Mwendo huo umepimwa kwa uzito wa mtutu mtupu. Ukining'iniza mkebe mzito mbele yake, mtutu utashindwa kurudi na kuinama inavyotakiwa. Bastola itafyatua mara moja, kisha itakwama.

Suluhisho ni kiungo chenye pistoni na springi, ambacho wataalamu hukiita kifaa cha Nielsen. Risasi inapofyatuliwa, shinikizo la gesi huusukuma mkebe mbele na kuibana springi, na kwa kitambo kifupi mtutu huwa kana kwamba haujabeba mzigo. Hapo hupata nafasi ya kurudi, kuinama na kuijaza risasi nyingine.

Onyo lake ni kwamba springi hiyo haifai katika bunduki ambayo mtutu wake hautembei. Mkebe wa bastola unapohamishiwa katika bunduki kama hiyo, springi lazima iondolewe na mahali pake pawekwe bomba gumu la kuzuia mwendo. Asiyefanya hivyo huuacha mkebe ukigonga mbele na nyuma kwa kila risasi hadi pistoni ivunjike. Bastola za .22 ambazo mitutu yake imekazwa hazina haja ya kifaa hiki. Hesi ya kawaida huzitosha.

Njia nyinginezo

Ipo pia njia ya meno matatu, iliyopata umaarufu kupitia bunduki ndogo ya rashasha ya MP5 ambayo kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani iliianzisha miaka ya 1960. Mdomo wa mtutu wake una vijino vitatu kwa nje. Mkebe husukumwa juu yake, huzungushwa kidogo na kunasa. Ni njia ya haraka sana, lakini kwa kawaida huachia mchezo kidogo, hivyo inafaa zaidi risasi za bastola zenye tundu pana na shabaha ya karibu kuliko bunduki ya masafa.

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, wawindaji wengi hupenda mkebe unaorudi nyuma na kuufunika mtutu kwa sehemu. Hesi huwa katikati ya mkebe, na mwisho wa nyuma huuegemea mtutu. Bunduki hairefuki sana, na mkebe hupata mihimili miwili badala ya mmoja. Sharti lake ni kwamba unene wa mtutu ulingane na tundu la nyuma la mkebe.

Mwisho kuna silaha ambazo kizuia sauti ni sehemu ya mtutu tangu kiwandani, kama ile MP5SD au bunduki ya De Lisle iliyotumiwa na makomando wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapa suala la kiungo halipo, lakini pia uhuru wa kukiondoa kifaa haupo.

Maswali matano ya mnunuzi

Kutokana na maelezo hayo, mwenye leseni anayetaka kufanya uamuzi wa busara na ajiulize maswali yafuatayo.

Kwanza, bunduki itafanya kazi gani? Mwindaji anayetembea kutwa nzima milimani atathamini kila gramu, hivyo hesi ya moja kwa moja humfaa. Mtu anayefyatua risasi nyingi uwanjani kwa saa nzima ana haja ya kiungo kisicholegea.

Pili, mkebe utahudumia bunduki ngapi? Ikiwa ni moja, kiungo cha haraka ni anasa. Ikiwa ni nne, huokoa muda na hesi za mtutu hazichakai kwa kufungwa na kufunguliwa kila mara.

Tatu, je, mtutu una bega la kutosha? Swali hili lijibiwe na fundi wa bunduki mwenye vipimo, si na muuzaji mwenye haraka. Mtutu usio na hesi uchongwe na fundi anayepima kutokea katika njia ya risasi, maana nje ya mtutu si lazima ilingane na tundu lake.

Nne, je, mahali risasi inapopiga pakihama, patahama vilevile kila mara? Karibu kila kizuia sauti huihamisha shabaha kidogo kwa sababu ya uzito wake mdomoni mwa mtutu. Hilo si kosa. Kosa ni pale inapohama kushoto leo na kulia kesho. Kiungo bora huirudisha shabaha palepale kila kifungwapo, na jambo hili hupimwa uwanjani kwa kufunga, kufyatua, kufungua na kurudia.

Tano, je, kiungo kinaweza kubadilishwa? Mkebe mzuri huweza kudumu kuliko bunduki yenyewe. Mwenye kufikiria mbele hununua ule wenye msingi wa pamoja.

Ukaguzi kabla ya risasi ya kwanza

Baada ya kufunga, kuna fimbo maalumu ya chuma iliyonyooka ambayo hupitishwa ndani ya mtutu mtupu hadi itokeze mbele ya mkebe. Fimbo ikionekana katikati ya tundu la mbele, mstari umenyooka. Ikiegemea upande, kazi isimame hapo na bunduki irudishwe kwa fundi. Kabla ya yote, hakikisha chemba haina risasi na kasha la risasi limetolewa.

Jihadhari pia na vikole vya kubonyea ambavyo huuzwa pamoja na vizuia mwako vya kawaida. Vikole hivyo hubonyea bila usawa, upande mmoja zaidi ya mwingine, na watengenezaji wa vizuia sauti hukataza vitumiwe chini ya kifaa kitakachobeba mkebe. Mahali pake huwekwa vikole vyembamba vigumu vilivyo sawa pande zote. Gundi ya kawaida ya hesi nayo hulainika kwa joto la mkebe. Mafundi hutumia ile inayostahimili joto kali.

Usafi ni nusu ya kazi. Bega na hesi zipanguswe kila kabla ya kufunga. Chembe moja ya masizi chini ya mkebe inaweza kuupindua kuliko kosa la fundi. Na mkebe usiachwe mtutuni majuma kadhaa baada ya kutumika, kwani ndipo unapogandamana.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani vifaa hivi vimedhibitiwa na sheria ya kitaifa ya silaha ya mwaka 1934, iliyoweka ushuru wa dola 200 kwa kila kimoja. Kiasi hicho hakikubadilika kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliufuta ushuru huo kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili, alama za vidole na uchunguzi wa historia ya mnunuzi vimebaki. Majimbo 42 huruhusu raia kuvimiliki, nayo manane, yakiwemo California na New York, huwakataza. Kufutwa kwa ushuru kunawavutia wanunuzi wapya, na wanunuzi wapya ndio walio katika hatari ya kudhani kwamba kila kinachoingia kinafaa.

Msomaji wa Kenya afahamu kwamba mazingira yetu ni mengine. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na masuala yote ya silaha husimamiwa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Hakuna anayepaswa kuagiza, kununua au kuunda kifaa cha aina hii kwa kutegemea maelezo ya makala au ya muuzaji wa ng'ambo. Anayemiliki silaha kihalali aanzie kwa bodi hiyo.

Hata hivyo, somo lenyewe lina manufaa kwa kila mtu anayeshughulika na mashine. Tumezoea kuvisifu vitu vikubwa vinavyoonekana na kuyasahau maungano yanayovishikilia. Katika kifaa hiki, mkebe ndio unaopata sifa, lakini ni lile bega la mtutu, lenye upana usiozidi ukucha, ndilo linaloamua kama risasi itapita au itaupasua. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ni wa nusu milimita, na asiyeukagua mapema huenda asipate nafasi ya kujenga ukuta wowote.